Alama Nne Chini ya Tairi la Akiba

Siku niliyompiga kofi mwanamume ninayempenda, asubuhi yake nilikuwa nimempikia chai, nikamchagulia shati, nikamfuta masizi nyuma ya sikio kwa kidole kilicholoweshwa mate, kama mama anayempeleka mtoto shule. Alicheka. Akaniambia, "Leo tukirudi na gari, sitaki tena kusikia maneno juu ya baiskeli yangu." Nikamjibu kwamba baiskeli mimi nimeshaizoea, makalio yangu ndiyo hayajaizoea. Tulitoka nyumbani tukicheka hivyo.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Kazini wananiita King'ora, na si kwa sababu ya gari tu. Wanasema hata nikitembea kwa miguu watu hunipisha. Nina watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa sita. Baba yao aliugua akafariki, nami nikaapa kwamba mlangoni kwangu hakitavuliwa tena kiatu cha kiume. Nilikitunza kiapo hicho miaka minne. Kisha nikakwaruza gari la hospitali kwenye lango, likapelekwa gereji, na huko nikamkuta mtu amelala chini ya gari akizungumza na bati.

"Njoo, njoo mama, usiwe mkaidi," analiambia, huku akiligonga taratibu, na bati linakuja.

Nilisimama pale kama mtu asiye na kazi. Huyo ndiye Fundi. Ni fundi wa bodi, viganja vigumu kama jiwe la kusagia, sauti ambayo hakuwahi kuipandisha mbele yangu hata siku moja. Miezi minane baadaye alinivisha pete aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye nati ya chuma. Kwa ndani alikuwa amepiga alama nne, vitone vidogo, vitatu kwenye mstari mmoja na cha nne pembeni.

"Ndiyo saini yangu," alisema. "Gereji kubwa niliyojifunzia, kila fundi alikuwa na alama yake. Kazi ikirudi na kasoro, msimamizi anajua amtukane nani."

Nilicheka sana. Nikaibusu pete ile kwa ndani kabla sijaivaa.

Aliyebaki kukubali alikuwa kaka yangu. Baba alipofariki, Kaka ndiye aliyekalia kiti chake, na bila Kaka kutamka ndiyo, Mama asingenipa baraka. Kaka anauza magari. Ni mtu wa mwili mkubwa na mkono mwepesi, na mapenzi yake yote yanapitia kwenye ngumi. Nilipokuwa msichana alimvunja pua kijana aliyenipigia mluzi, kisha akaja kuniuliza kama nimekula. Mara ya kwanza nilipompeleka Fundi ajitambulishe, Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaipiga meza ngumi. Kioo cha meza kilipasuka, damu ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi wa puti!" alisema, wala haangalii damu. "Kazi yake kuficha makosa ya watu kwa rangi. Leo aje afiche na ya kwake kwa dada yangu?"

Mama alimfunga kitambaa mkononi. Fundi akainuka, akainamisha kichwa. "Mama, tutarudi siku nyingine."

Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu Mama alikuwa ameshamnunia Kaka wiki nzima, hataki hata kupokea simu yake, na kununiwa na Mama ni kitu ambacho yule dume hakiwezi. Akalegea.

"Haya," alisema. "Njooni yadi Jumamosi. Dada yangu hawezi kuanza maisha juu ya baiskeli. Kuna gari nimemwekea, ni zawadi yangu ya harusi. Siku litakapotoka langoni kwangu, na ruhusa yangu imetoka nalo."

Kabla ya Jumamosi hiyo kulikuwa na Jumanne, na ya Jumanne lazima niyaseme. Tuliitwa barabara kuu mchana. Gari la bluu, la familia, liligongwa ubavuni likafunguka katikati kama mkate uliovunjwa kwa mkono. Nusu ya mbele ilikuwa barabarani, nusu ya nyuma ilikuwa mtaroni. Nilimbeba mama mmoja aliyekuwa akiniuliza mtoto wake yuko nusu ipi. Nilipofika nyumbani nilimsimulia Fundi, kwa sababu mambo hayo nikilala nayo huoza tumboni. Alisikiliza. Akauliza kitu kimoja tu.

"Lilikatikia wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa mkono: nyuma ya mlango wa mbele, chini ya siti, mpaka kwenye paa. Aliweka kikombe chini. Chai yake haikwisha siku ile, akaaga mapema, nami nikadhani ni moyo mwepesi. Nikampenda zaidi kwa hilo, mjinga mimi.

Jumamosi basi. Yadi ya Kaka ni kiwanja cha kokoto chenye ukuta pande tatu. Magari yamepangwa kwa safu, ofisi ni kontena lenye pazia, na kwa nyuma imesimama nguzo ya zege iliyobeba bango zamani. Bango lilishaondolewa, nguzo ikabaki. Mama alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki. Binti yangu alikuja nasi. Mdogo wake tulimwacha kwa jirani.

Na katikati ya kiwanja lilikuwepo gari lenyewe.

Jekundu. Stesheni wagoni ya saizi ya kati, mgongo mrefu, lakini limekaa chini kama duma anayenyemelea. Mabomba mawili ya moshi nyuma, siti nyeusi zenye ushonaji mwekundu, injini ya turbo. Kaka alinitupia ufunguo. Nililiwasha, na sauti ile ikanipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kifuani. Miaka yote naendesha gari refu linaloyumba kwenye kona kama mlevi. Hili niliuzungusha usukani kidogo tu, likageuka kabla sijamaliza kufikiri. Nilizunguka yadi mara mbili, kokoto zikaruka, mlinzi wa lango akakimbilia ndani ya kibanda chake.

"Hili," nilisema nikishuka. "Sitaki jingine."

Fundi alikuwa amesimama kando ya wagoni nyingine, ya kijivu, ubavuni ina mkwaruzo mrefu na bampa la nyuma limebonyea. "Na hili je?" akauliza. "Buti ni sawasawa. Viti vinalala vyote. Mtoto, mizigo, na kiti cha magurudumu cha mgonjwa wako yeyote, vinaingia."

"Hilo limechoka."

"Halijachoka, limekwaruzwa. Mama wa watoto wawili unakimbilia wapi na turbo?"

"Nakimbilia kwako. Wewe hutaki nifike haraka?"

Alinitazama. Fundi ana namna yake ya kunitazama, anaanza na macho, anateremka mpaka kwenye mikono yangu, anarudi machoni, kana kwamba anahakiki kwamba sijabonyea mahali. Nilihisi joto likinipanda shingoni mbele ya mama yangu mzazi. Nilimtaka mtu yule. Nilitaka nimwendeshe ndani ya gari lile jekundu, watoto wakiimba nyuma, mpaka petroli iishe.

"Mwache dada yangu achague anachokipenda," Kaka alisema. "Au shemeji mtarajiwa umeshaanza kumpangia?"

"Sina neno, Kaka. Naomba niligonge kidogo tu. Mazoea ya kazi."

"Ligonge mpaka uchoke."

Fundi hugonga magari kwa kifundo cha kidole, sikio lake karibu na bati, na mkono mwingine ana sumaku aliyoifunga kwenye kitambaa isikwaruze rangi. Palipo na bati tupu sumaku inashika; penye puti nene iliyoziba mbonyeo inadondoka. Alianza na boneti. Ko, ko, ko. Mlango wa mbele, ko, ko. Binti yangu alikuwa akimfuata nyuma na kugonga kama yeye, wote wawili wamekunja nyuso.

Kwenye nguzo ya bodi iliyo nyuma ya mlango wa mbele, sumaku ikaanguka.

Aliiokota. Akaiweka tena, ikaanguka tena. Akapiga magoti, akaupitisha mkono chini, pale sakafu inapoanzia. Niliona mgongo wake ukiganda. Akainuka, akaenda nyuma, akafungua buti, akakunja zulia, akalitoa tairi la akiba na kuliegemeza kwenye bampa. Akainama ndani. Akakaa humo muda mrefu.

"Vipi?" nikamwuliza.

Alitoa kichwa. Nilishamwona mtu huyu amechoka, nilishamwona ana njaa na homa, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alimtazama Kaka. Alimtazama Mama kivulini. Mwisho akanitazama mimi, na safari hii hakushuka mpaka mikononi.

"Hakuna kitu," alisema.

Kaka akapiga makofi. "Nilisema! Mama, njoo uone mwanao akipewa gari."

Binti yangu naye, kwa furaha, alifungua mlango wa nyuma akajitupa kwenye siti. "Mimi nakaa hapa! Mdogo wangu atakaa kule! Anko, tazama, hapa ndipo pangu!"

"Shuka!"

Sauti ilikuwa ya Fundi. Ilikuwa kubwa mno, mpaka ndege wakaruka ukutani. Mtoto aliganda, mdomo wazi.

"Shuka humo! Shuka sasa hivi!" Akamshika mkono, akamvuta nje kwa nguvu hata kiatu kikabaki ndani. Mtoto akaangua kilio.

"Wewe!" Kaka alikuwa ameshafika. "Unamfokea mtoto wetu? Mbele yangu?"

"Kaka, gari hili limeungwa. Ni nusu mbili. Mbele ni ya gari moja, nyuma ni ya jingine, yamekatwa hapa yakachomelewa. Mtoto asikae humu. Asikae mtu yeyote humu."

"Kwani mimi sijui kama limeungwa?" Kaka alisema. "Mengi ya humu yameungwa! Watu wanaendesha miaka kumi! Hili niliambiwa limeungwa na fundi bora wa gereji ile kubwa, mtu ambaye weldi yake haiachii. Ndiyo sababu nikaliweka pembeni, sikumuuzia mtu, nikasema hili ni la dada yangu. La dada yangu, unasikia? Wewe fundi wa vichochoroni ndiye utakayeijua kazi ya yule kuliko mimi?"

Fundi alifumba macho.

"Fundi huyo ni mimi," alisema. "Na mimi nakwambia halifai."

Mtoto alikuwa bado analia. Nilikwenda nyuma ya gari. Nikainama pale tairi la akiba lilipokuwa limelala, nikafuta vumbi kwa kiganja. Vitone vinne. Vitatu kwenye mstari mmoja, cha nne pembeni. Nikavua pete, nikaishika pembeni yake nione vizuri, ingawa sikuwa na haja ya kuona.

"Ulisema hakuna kitu," nilimwambia.

"Nilisema."

"Ungetuacha tuondoke nalo?"

"Sijui. Nilitaka ile ruhusa. Nilitaka... nilidhani nitalivuta usiku gereji, nilirudie, wewe usijue. Kisha mtoto akapanda."

Nikampiga kofi. Nimebeba watu wazima kwenye machela miaka kumi na moja. Mkono wangu si wa mchezo. Kichwa chake kiligeuka, midomo ikapasukia kwenye meno. Hakujikinga. Alirudisha uso pale pale ulipokuwa, kana kwamba anangojea pigo la pili. Na la pili lilikuja, ila halikuwa langu.

Ngumi ya Kaka ilimpata kwenye taya. Fundi alianguka juu ya kokoto, akainuka. Ngumi nyingine. Akaanguka, akainuka.

"Kaka, inatosha," alisema, damu imejaa mdomoni. "Nipige, lakini mwambie asilichukue."

"Unanichafulia zawadi! Unaniita muuaji wa dada yangu! Mbele ya mama yangu!"

"Mwanangu!" Mama alipiga kelele. "Mwanangu, muache!"

Kaka aliiona spana ya magurudumu pembeni ya tairi la akiba. Niliona mkono wake ukienda, nikamrukia, akanisukuma kwa bega, nikaangukia kiwiko. Spana ilishuka. Fundi aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, na nikausikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu wa kuni. Mlio huo naujua. Ni kazi yangu kuujua.

Ndipo mtu wangu mpole alipobadilika. Hakulia hata kilio. Mkono wa kushoto ukining'inia, wa kulia ulimkamata Kaka kooni, ukambandika kwenye ubavu wa gari jekundu mpaka bati likabonyea. Kiganja kile kilichonizoea mimi, kinachonyoosha chuma, kilikuwa kinafunga. Kaka aliiachia spana. Alimpiga Fundi mbavuni mara moja, mbili, kwa goti, kwa kiwiko, na Fundi hakuachia. Uso wa Kaka ulianza kugeuka rangi. Nilimvuta Fundi shati, likachanika, lile nililomchagulia asubuhi. Nilipiga kelele jina nimwitalo tukiwa wawili. Hakunisikia. Mlinzi wa lango alisimama mbali, mikono kichwani, hakuna alichokisaidia.

Nikafikiri: leo mmoja wa wanaume wangu wawili anakufa hapa kwa sababu ya gari.

"Mama, mwingize mtoto ofisini! Funga mlango!"

Nikaingia kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa bado mahali pake. Nikafunga mkanda. Nikakanyaga mafuta nikiwa nimeshika breki, injini ikanguruma, gari likatikisika dhidi ya mgongo wa Kaka, wote wawili wakaruka pembeni na kuanguka. Koo la Kaka likapata hewa. Akakohoa, akaniona.

"Unafanya nini wewe?"

"Unasema ni imara, Kaka?"

"Ni imara! Shuka!"

"Na wewe Fundi, unasema halifai?"

"Halifai, mke wangu. Shuka, nakuomba, shuka humo!"

Hajawahi kuniita mke wangu. Alichagua saa.

Nikaegemeza kichwa nyuma barabara kwenye kiti, kama tunavyowafundisha madereva wageni, nikatia gia ya nyuma, nikaitazama ile nguzo ya zege kwenye kioo cha pembeni, nikakanyaga mpaka mwisho.

Turbo ni turbo, hata likienda kinyumenyume. Nguzo ilijaa kioo chote. Kishindo kilinipiga mgongoni kana kwamba nimeangushwa kutoka juu ya nyumba, meno yakauma ulimi, na katikati ya kishindo kile nilisikia kitu kingine, sauti nyembamba za haraka, ta, ta, ta, ta. Zilikuwa weldi, zinaachia moja moja. Mwanga ukaingia juu yangu pale ambapo palikuwa na paa. Kisha vumbi, harufu ya petroli, na king'ora cha gari kikilia chenyewe.

Waliokuja kunitoa walikuwa wote wawili. Kaka aling'oa mlango kwa mikono yake mitupu, Fundi akanikatia mkanda kwa kisu cha puti, mkono mmoja. Wakanilaza kwenye kokoto, mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja akiniuliza pale panauma, hapa panauma, na wote wawili wananidondoshea damu.

"Siumwi," nilisema. "Tazameni siti."

Wakatazama. Sakafu ilikuwa imeachana pale pale nilipoonyesha kwa mkono siku ile ya Jumanne. Paa lilikuwa limejikunja. Siti ya nyuma ilikuwa imesukumwa mbele mpaka ikabanana na ya kwangu, hapapiti hata daftari. Katikati ya siti hizo mbili kilichungulia kiatu kidogo cheupe cha binti yangu, kimebanwa kikawa bapa.

Kaka alikikamata. Alijaribu kukitoa, hakikutoka. Akavuta tena. Akaketi chini na mwili wake wote ule, akalia kwa sauti, kama alivyolia siku ya msiba wa Baba. Mlango wa kontena ukafunguka, mtoto akatoka mbio na mguu mmoja mtupu, akamkumbatia mjomba wake shingoni, mahali palipobaki alama za vidole.

Mama alikuja polepole. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akamwangalia Fundi aliyekuwa ameshikilia mkono wake uliovimba.

"Mpeleke hospitali," aliniambia. "Huyu mwingine niachie mimi."

"Kwa gari gani, Mama?"

Kaka aliingiza mkono mfukoni bila kuinua kichwa, akatoa ufunguo. "La kijivu. Hilo halijakatwa. Naapa mbele ya Mama."

Nikauchukua ufunguo, nikamgeukia Fundi. "Lala chini uangalie."

"Mkono umevunjika."

"Mgongo haujavunjika. Lala."

Akalala. Mwanamume mwenye taya lililovimba na mfupa uliokatika alijiburuta kwa visigino chini ya gari la kijivu, akagonga, akasikiliza, akasogea, akagonga. Nilisikia pumzi zake zikikatika kwa maumivu. Sikumsaidia. Alipotoka alikuwa ametapakaa vumbi na machozi.

"Ni zima," alisema. "Makovu yake yote yako nje."

"Basi hili ndilo la kwetu. Panda."

Nilikuwa nimeshatia gia Kaka alipokuja dirishani, upande wa Fundi. Nilishika usukani kwa nguvu. Lakini aliweka tu kiganja juu ya mlango, kile chenye kovu la kioo.

"Lile jeupe pale mwisho," alisema, sauti imekwaruza. "Na la kijani la pembeni yake. Sijui aliyaunga nani. Mkono ukipona, uje uniangalizie... shemeji."

Fundi alijaribu kujibu, mdomo ukakataa. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoka langoni.

Tuliingia barabara kubwa. Gari la kijivu lilikwenda vizuri, sikutaka kulisifu. Pete nilikuwa bado nimeishika kiganjani, imenichoma alama. Nikaiweka juu ya dashibodi.

"Lile la Jumanne," nilisema. "La bluu."

"Halikuwa langu." Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Jumatano nilikwenda kituo cha polisi walikolivuta. Nikalala chini yake nusu saa natafuta alama. Sikuiona. Nililia pale mpaka askari akaniuliza kama nilifiwa."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia. Nikasema baada ya harusi."

"Baada ya harusi!" Nilipiga usukani, honi ikalia, mwendesha pikipiki akanitukana, nami nikamrudishia. "Nyinyi wanaume kila kibaya ni baada ya harusi!"

Aliinamisha kichwa. Mkono uliovunjika ulikuwa mapajani mwake, umeanza kuwa wa zambarau, na niliuonea huruma, na nilikasirika kwa kuuonea huruma. Nilikuwa nalia. Nilimpenda, hilo halikuwa limesogea hata inchi, na ndilo lililokuwa linaniudhi kuliko yote.

"Uliunga gari ngapi?"

"Saba, pamoja na lile jekundu. Mwaka mmoja. Nilikuwa mgeni kazini, nikiambiwa unga naunga, sikuuliza zinakwenda wapi. Siku nilipouliza, nikafukuzwa."

"Unazijua ziliko?"

"Nne nazijua. Mbili naweza kuzitafuta."

Taa ikawa nyekundu. Nilisimama. Alinyoosha mkono wake mzima kuelekea dashibodi, si kuichukua pete, kuizuia tu isianguke.

"Iache hapo," nilisema. "Itakaa hapo mpaka gari la mwisho litakapokatwa liwe chuma chakavu. Jumamosi zako zote, na zangu nikiwa sina zamu. Wewe utalala chini, mimi nitashika tochi."

"Na mimi?" aliuliza taratibu. "Mimi nikae wapi mpaka siku hiyo?"

Taa ikawa kijani. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi.

"Hapo hapo ulipo, nikuone," nilimwambia. "Funga mkanda. Zimebaki sita."